Dodoso Namba Ishirini na Tatu

Dokta Rwehikiza aliandika ubaoni KAZI,
akaipigia mstari mara mbili, chaki ikakatika.
"Nani atanipa fasili?"
Mikono ikasimama kama matete.
Mmoja akasema: nguvu inayouzwa kwa muda.
Mwingine: mapatano ya pande mbili.
Mimi, dirishani, ziwa likiwa kushoto kwangu,
nilikuwa nahesabu saa mama atakayovua mabuti.

Tukagawiwa madodoso thelathini kila mmoja,
twende viwandani, getini, mialoni,
tukaulize watu wanaishije na kazi zao.
Ishirini na mawili niliyajaza Igogo na Kirumba:
wapakiaji, waanika dagaa, fundi nyavu mmoja
aliyejibu kila swali, "Andika unavyoona."
La ishirini na tatu nilikwenda nalo nyumbani, Mabatini,
usiku, umeme umekatika.
Nikamsomea mama kwa mwanga wa simu,
yeye ameloweka vidole kwenye maji ya moto
ili virudi kuwa vyake.

Jina?
— Unalijua.
Lazima ulitaje, mama.
— Nyanzobe Lugata. Kama umesahau.
Kazi?
— Minofu.
Fafanua.
— Sangara anaingia na macho, anatoka bila mfupa.
Mwenye kisu ni mimi.
Nyama inapanda ndege. Mfupa ndio mwenyeji wa Mwanza.

Muda wa utumishi?
Visanduku vilikuwa vinne:
chini ya mwaka, mwaka hadi mitano,
mitano hadi kumi, zaidi ya kumi.
Kalamu yangu ilikwisha kutua kwenye "zaidi"
mama aliponishika mkono, mkono wake umelowa.

— Usiandike uongo kwenye karatasi ya serikali.
Ni ya chuo, mama.
— Siku moja. Andika siku moja.

— Alfajiri saa kumi na moja tunasimama getini.
Msimamizi ananyoosha kidole:
wewe, wewe, na wewe wa kanga ya njano.
Jioni tunasaini, tunalipwa, tumeachishwa.
Kesho naajiriwa tena kama mgeni,
naulizwa jina na mtu niliyemchangia harusi.
Miaka kumi na tisa, mwanangu,
sijawahi kuifikia siku ya pili.

Nilikuwa na vifungu kichwani,
nimevikariri mpaka nikapata A:
likizo, fidia, notisi, kiinua mgongo.
Hapo kwenye kiinua mgongo mama alicheka
mpaka beseni likamwagika.
— Mgongo upi? Huu?
Vyote hivyo huanza kuhesabiwa
kwa mtu mwenye jana.
Na wahenga waliosema
mchumia juani hulia kivulini
hawakusema neno kuhusu mchumia barafuni.

Swali la mwisho: una lolote la kumuuliza mtafiti?
— Ninalo.
Kule steshenari, unakochapa ripoti za wenzako
mpaka saa sita usiku,
mkataba wako una kurasa ngapi?

Simu ikazimika.
Au niliizima, sikumbuki vizuri.

Dodoso lilirudi na wino mwekundu:
"Jibu halimo kwenye machaguo. Rudia."
Karatasi ilikuwa imekauka kwa mawimbi,
pembeni alama ya dole gumba,
na Dokta aliikabidhi kwa vidole viwili.
"Hii imemwagikiwa nini?"
Takwimu, nikasema.
Darasa likacheka. Yeye hakucheka,
aliangalia lile dole gumba kwa muda.

Sijarudia.
Nimechora kisanduku cha tano kwa mkono,
juu ya vile vinne, mraba wake umepinda kidogo.
Madodoso saba yamebaki.
Kesho natoka na mama saa kumi usiku,
tuwahi getini
kabla kidole hakijanyooshwa.